Brokoli
Brokoli (Brassica oleracea, kundi la Italica) ni mboga ya spishi moja na kabichi, koliflawa na sukuma wiki, iliyoendelezwa na wakulima wa Italia. Kinacholiwa hasa ni kichwa chenye vitumba vya maua ambavyo havijachanua. Vikianza kugeuka njano, ubora wake umeshapungua. Shina nalo ni chakula: menya ganda gumu, ndani utakuta nyama laini yenye utamu, na kulitupa shina hilo ni hasara.

Gramu 100 za brokoli mbichi zina takriban miligramu 89 za vitamini C, karibu mahitaji yote ya mtu mzima kwa siku, pamoja na foleti na nyuzinyuzi. Inapokatwa, kimeng'enya kiitwacho mirosinasi hukutana na kiambata kiitwacho glukorafanini na kuzalisha sulforafani, ambayo watafiti wa saratani wanaichunguza sana. Joto huharibu kimeng'enya hicho, hivyo ni vyema kuikata na kuiacha kama dakika 40 ili sulforafani itokee kabla ya kuipika. Ikichemshwa kwenye maji mengi, vitamini C nyingi humwagwa pamoja na maji hayo. Mvuke wa dakika 3 hadi 5 unatosha.

Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wasibadilishe ghafla kiasi wanachokula, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.