Papai, Oili na Majibu ya Mjomba

Jumapili ya tarehe 3 Mei 2020 tulijazana mbele ya televisheni kwa mama ntilie mmoja hapa Mtumba. Rais Magufuli, akiwa Chato, akaeleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, zikakutwa na korona. Oili ya gari ikatoka hasi. Kibanda kizima tulicheka. Kesho yake mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi, na hesabu ya nchi ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 kwa zaidi ya mwaka.

Mimi mwandishi wa habari, nami niliishia kwenye papai. Sasa sikia. Kipimo cha PCR, alichokibuni Kary Mullis mwaka 1983, hutafuta kipande kidogo cha vinasaba na kukizidisha mara mabilioni. Uchafu kidogo ukihama kutoka sampuli moja kwenda nyingine, hata papai linaweza kuugua. Ila baadhi ya vipimo hivyo hutafuta pia jeni la binadamu kwenye sampuli. Lisipoonekana, jibu la hasi linatakiwa kuwa batili. Kwa hiyo swali zito lilikuwa la ile oili: iliwezaje kupewa jibu la hasi, kana kwamba ni mtu mzima wa afya? Hatukuuliza.

Agosti 2021, upepo na vumbi la Dodoma vikiwa vimechachamaa, mjomba alianza kukohoa. Alipelekwa kupimwa siku ya 12. Kufikia siku hizo kirusi kinaweza kuwa kimepungua puani huku mapafu yakiendelea kuungua, na kijiti cha pamba kilipita puani tu. Hasi.

Jirani yetu alikuwa amepata chanya wiki hiyo hiyo, watu wakamtania, "Wewe papai nini?" Ya mjomba hakuna aliyeitania. Ndugu walikaa naye chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Nami nilikuwemo, bila barakoa, nikimwambia, "Mjomba, pole, hili ni vumbi tu."

Alifariki siku ya nne. Wiki iliyofuata shangazi zangu wawili walianza kukohoa.

Karatasi ya majibu mama bado anayo sandukuni, mhuri wa zambarau umeangukia neno "hasi".