Chuki ya kabila mbele ya sheria



Mei 2005, hapa Mocímboa da Praia, ulifanyika uchaguzi mdogo wa meya. Frelimo ikatangazwa mshindi, Renamo ikakataa. Septemba ikazuka fitna: Wamwani na Wamakonde wakapigana, watu wakauawa, nyumba zikachomwa.

Katiba ya Msumbiji iliyopitishwa Novemba 2004 ilikuwa haijatimiza mwaka. Kifungu cha 39 kinasema vitendo vya kuwagawa watu kwa rangi, kabila au dini huadhibiwa kisheria. Wenzetu wa Kenya, baada ya damu iliyomwagika kwa uchaguzi wa Desemba 2007, walitunga sheria mwaka 2008: mchochezi wa chuki ya kabila afungwe hadi miaka 3, au atozwe faini hadi shilingi milioni 1, au yote mawili.

Kwa nini chuki itajwe peke yake? Kuchoma nyumba ni kosa daima. Lakini ikichomwa kwa ajili ya kabila la mwenyewe, kabila zima hulala na hofu. Sisi tunaowasomesha watoto habari ya nia katika amali, hilo tunalielewa.

Hakimu hufika nyumba imekwisha ungua. Maneno ya kudharau kabila tuyakomeshe majumbani mwetu, watoto wasiyarithi.

Wabillahi tawfiq.