Bodaboda wa Ifakara na Mzunguko wa Dunia

Zamani kilomita ziliandikwa. Nilipokuwa mtoto hapa Ifakara, pikipiki zilikuwa za kuhesabu: ya bwana shamba, ya bwana afya, za mapadre, na moja mbili za wenye maduka. Zote tuliziita honda, hata ile iliyoandikwa Yamaha ubavuni. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na kwa kuwa spana zake ndizo zilizokuwa karibu, honda ya serikali ikiziba kabureta ililetwa kwake. Chini ya kiti mlikuwa na kitabu cha safari, kimefungwa kwa nailoni. Humo kila mwendo uliandikwa: imetoka wapi, imekwenda wapi, namba ya kuanzia, namba ya kumalizia, saini. Mafuta yalitolewa kwa mwezi. Yakiisha mapema, bwana shamba alirudi kutembea kwa miguu kama sisi.

Kwa hiyo pikipiki ilikuwa chombo cha kwenda mbali, mara chache. Haikuwashwa kwa safari ya sokoni. Iliwashwa kwenda Mlimba au kupanda Mahenge, na ikirudi watoto tuliizunguka kuona matope ya huko.

Dunia nayo iliwasifu waendao mbali kwa mtindo huohuo. Desemba 1934 wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London na Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni na trela nyuma, wakakatiza Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935. Nikiwa fundi, ninalofikiria kwanza ni klachi ile iliyokuwa ikivuta trela kwenye mchanga. Kisha kuna Ted Simon, mwandishi wa Uingereza, aliyeizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500 kati ya 1973 na 1977, akapita Kenya njiani. Alitembea takriban kilomita 100,000. Kitabu alichokiandika, Jupiter's Travels, kimewatoa nyumbani wapanda pikipiki wengi wa Ulaya. Anastahili sifa zake. Lakini shikeni hiyo namba, tutairudia.

Ifakara yenyewe ilikuwa mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, mashamba ya mpunga yako mbali, na baiskeli ilibeba gunia, mke na jembe kwa pamoja. Kusafirisha abiria kwa baiskeli kulishazoeleka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kwetu Tanzania kulishamiri Shinyanga na Mwanza. Pikipiki zikaja baadaye kuichukua kazi ileile. Kampala ilianza mapema, miaka ya 1990. Huku kwetu kazi hiyo ilisubiri pikipiki za bei nafuu kutoka China, SanLG na wenzake, kisha Boxer na TVS za India. Wakati huo kubeba abiria kwa malipo kwa pikipiki hakukuwa na kibali. Vijana walikimbizana na trafiki hadi zilipotungwa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji mwaka 2010. Baada ya hapo kila mti wenye kivuli ukawa kijiwe. Mimi nikaacha spoku nikajifunza pistoni.

Sasa mwangalieni kijana wa kijiwe. Anatoka alfajiri kuwahi abiria wa mabasi, anapeleka wanafunzi, mama wa samaki, mgonjwa wa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mfuko wa saruji. Safari nyingi hazizidi kilomita tatu. Ukimuuliza ametembea umbali gani leo atakwambia hajaenda popote, yuko mjini tu. Ila mafuta hayasemi hivyo. Wengi ninaowatengenezea hutia lita mbili kwa siku, na pikipiki ndogo kama hizi, kwa mwendo wa kusimama na kuondoka, haikosi kilomita 45 kwa lita. Hizo ni 90 kwa siku. Siku 300 kwa mwaka, 27,000. Kwa mwaka na nusu ameuzunguka mduara wa dunia bila kutoka wilayani, na kwa miaka minne, muda uleule wa Ted Simon, amempita. Na jioni anatoa hesabu ya bosi, mwenye pikipiki.

Masika huongeza. Familia zinahamia mashambani kulinda mpunga, na bodaboda ndiye anayewapelekea chumvi na kuwaleta watoto wao shuleni. Tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe 2018 kwenye mto Kilombero, mita 384, ng'ambo ya Ulanga imekuwa safari ya kwenda na kurudi. Enzi za kivuko, kivuko kikilala na wewe unalala.

Kilomita zote hizo haziandikwi mahali. Waya wa spidi mita huanzia kwenye habu ya gurudumu la mbele, ukizungushwa na kigia kidogo ambacho tope letu hukisaga. Kikiisha, mshale unalala sifuri na namba inaganda. Hakuna anayeileta itengenezwe: abiria halipii namba. Umbali nausoma kwenye vyuma. Meno ya sproketi ya nyuma yakishachongoka na kuinama upande mmoja kama mapezi ya samaki, cheni imepita hapo mara nyingi kuliko mwenye pikipiki anavyokiri.

Basi ukitaka kununua pikipiki iliyotoka kijiweni, usidanganywe na sproketi mpya. Hiyo hubadilishwa asubuhi ikauzwa mchana. Tazama raba za kukanyagia miguu na pedali ya gia. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia usikie bushi za swing'amu. Huko wauzaji wengi hawakumbuki kupagusa. Raba ikiwa imelika hadi chuma kinang'aa, mashine hiyo imeshaizunguka dunia. Punguza bei au iache.