Fyuzi, rada na chupa ya Leiden

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya test. Leo siasa za bumu naziweka pembeni, nataka tuongelee oveni. Zile zenye koili ya kuchomea na maikrowevu humo humo ndani. Ukizitazama ni kisanduku cha jikoni tu, lakini ndani yake kuna vita vya pili vya dunia na kuna chupa ya maji ya mwaka 1746. Sitanii.

Tuanze na vita. Februari 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwasha kifaa kidogo cha shaba chenye matundu, magnetroni, kikatoa mawimbi ya yapata sentimita 10 kwa nguvu ambayo rada za wakati ule zilikuwa hazijaipata. Septemba mwaka huo huo Waingereza wakaivusha sampuli kwa siri hadi Marekani, kwa sababu viwanda vyao wenyewe vilikuwa vimezidiwa. Huko ndipo anapoingia Percy Spencer wa Raytheon, bwana ambaye hata shule hakuimaliza, akabuni njia ya kuzitengeneza kwa wingi. Mwaka 1945 chokoleti ikamyeyukia mfukoni akiwa karibu na magnetroni. Wengi tungelaani suruali imechafuka. Yeye akatafuta bisi, na Oktoba mwaka ule akaomba hataza.

Oveni ya kwanza kuuzwa, Radarange ya 1947, ilikuwa na kimo cha mtu mzima, kilo kama 340, na inapozwa kwa maji ya bomba. Ya Tappan ya 1955 iliingia majumbani kwa dola 1,295, yaani kwa wenye nazo. Hadi 1967 ndipo Amana wakatoa ya kukaa juu ya meza, dola 495. Hapo ndipo kifaa cha rada kikawa chombo cha mtu yeyote mwenye bisibisi... na hapo ndipo tatizo linapoanza.

Magnetroni haili umeme wa ukutani hivi hivi. Inataka volti kama 4,000, na kuzipata kuna transfoma, dayodi na kapasita. Huyo kapasita ndiye mjukuu wa chupa ya Leiden. Pieter van Musschenbroek alijaza chaji kwenye chupa yenye maji, akaishika, akapigwa shoti iliyomfanya aandike, Januari 1746, kwamba asingerudia hata kwa kupewa ufalme wa Ufaransa. Mwaka huo huo padri Nollet akawapanga askari 180 wameshikana mikono mbele ya mfalme Louis wa 15, akawarusha wote kwa mpigo mmoja. Angalieni vizuri: chupa haikuunganishwa na chochote! Umeme ulikuwa umekaa humo unasubiri. Kapasita ya oveni ni hivyo hivyo. Umechomoa plagi, taa imezimika, unajiona salama, kumbe mle ndani kuna zaidi ya volti 2,000 zimelala. Ndani yake huwa kuna kikinzani cha kuzimaliza taratibu, lakini kikikatika hakuna taa wala mlio wa kukuambia. Mafundi wa TV za kioo wa zamani wanaijua sana hii, hawagusi kitu kabla ya kutoa chaji.

Sasa fyuzi. Kwenye nyumba tunayopanga oveni yetu ya mtumba ina tabia: ukifungua mlango ikiwa inafanya kazi, pu! fyuzi imekwenda. Mshkaji mmoja (jina namhifadhi) anataka tufunge waya wa shaba mahali pa fyuzi, mambo yaishe. Nasema hapana, na sababu yangu iko mwaka 1971. Kuanzia Oktoba mwaka ule oveni mpya za Marekani zilibanwa na kanuni: mionzi isizidi miliwati 5 kwa sentimita mraba, ukipima sentimita 5 kutoka kwenye oveni, maisha yake yote. Mlango lazima uwe na swichi za usalama zisizopungua mbili, na kanuni ilivyo sasa inadai kuwe na kitu cha kuzichunga. Kwenye oveni nyingi ni swichi ya tatu. Swichi ya usalama ikigoma kuachia mlango ukifunguliwa, hii ya tatu inapiga shoti kwa makusudi ili fyuzi iungue. Kwa hiyo fyuzi yetu si mbovu, inafanya kazi iliyotumwa. Weka waya, magnetroni inaweza kuendelea kuwaka mlango wazi, uso wako uko pale pale. Na lenzi ya jicho haina damu ya kuipoza.

Kinachochunguzwa bila kujiua ni nje tu: plagi, soketi, waya, bawaba, mlango unavyofunga. Fyuzi ikiungua pale unapofungua mlango, mwambie fundi abadilishe swichi zote tatu pamoja na fyuzi, asibadilishe fyuzi peke yake. Kama taa inawaka, sahani inazunguka na chakula kinatoka baridi, kosa huwa mara nyingi upande wa volti kubwa. Huko usipeleke mita hata kama umepata A ya Fizikia, mita za kawaida hazikuumbwa kwa hayo. Fundi mzuri naye huko hapimi oveni ikiwa inawaka. Anachomoa, anatoa chaji, ndipo anapima ukinzani.

Koili ya kuchomea ndiyo rahisi kuliko zote: chaji ikishatolewa na waya zake zikachomolewa, koili ya wati 1,000 kwa volti 230 ikiwa baridi isome karibu na omu 53. Isiposoma kitu, imekatika. Ya kwetu inachoma mkate vizuri tu, kwa hiyo mpaka swichi zipatikane tunakula mkate, na chai tunachemshia kwenye jiko la mafuta.