"Kibali kiko wapi?" Historia ya mwindaji, askari na mchicha wa usiku

Wiki hii tuongee kuhusu mchicha wa usiku. Asiyejua anadhani ni mboga. Kumbe ni nyama ya pori. Katika kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania iliitwa hivyo kwa sababu ilipikwa giza likishaingia, ili harufu isimfikie mtu asiyetakiwa kuisikia.

Ilikuwaje binadamu akafika mahali pa kuificha sufuria? Jibu limo kwenye swali moja ambalo askari anamuuliza mtu aliyekutwa porini na silaha: kibali kiko wapi? Swali hili lina zaidi ya miaka mia moja, na mwanzoni halikuulizwa kwa ajili ya wanyama.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalisaini mkataba kule Brussels, kwa Mfalme Leopold, mwenye Kongo. Walisema shabaha ni kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na kipengele cha kuzuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini. Chukua ramani uangalie: Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya, Tanganyika, wote tumo. Mwafrika akabakiwa na gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti kwenye mdomo wa mtutu. Ndiyo maana wazee wetu wa Fizi na Itombwe wakisimulia uwindaji wanasimulia gobore, mitego na mbwa. Siyo kwamba hawakujua kuna bunduki nzuri zaidi.

Miaka sita baadaye, 1896, gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa sheria ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuwinda sasa kulitaka leseni ya kulipia, na sehemu fulani zikafungwa kabisa ziwe hifadhi. Mwaka 1900 wakubwa walikutana London, wakasaini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mwenye shamba linaloliwa na nguruwe hakuitwa kwenye kikao. Mkataba wenyewe haukuwahi kuanza kazi rasmi, lakini mawazo yake yaliingia kwenye sheria za makoloni, na bado yamo.

Tangu hapo kitendo kimoja kikawa na majina mawili. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Walipiga risasi kupitia Kenya na Uganda mpaka Sudan. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, yeye na mwanawe waliua wanyama 512, tembo 11 na simba 17 wakiwemo. Walinzi na maofisa walikutana naye njiani, sawa, ila walikuja kumpokea. Kibali alikuwa nacho, na nyara zilipelekwa makumbusho. Mkamba aliyeua paa mmoja kwa mshale mwaka huohuo aliitwa jangili.

Wanaonigusa zaidi ni Wawata, ambao vitabu vingi vya zamani vinawaita Waliangulu. Waliishi mashariki ya Kenya, nyuma ya Malindi, na maisha yao yalikuwa tembo. Upinde wao ulikuwa mgumu kuuvuta kuliko karibu upinde wowote unaojulikana duniani. Mshale ulipakwa sumu nyeusi iliyochemshwa kutoka kwenye mti, na mwindaji alilazimika kumsogelea tembo hatua chache tu. Mwaka 1948 ardhi hiyo kubwa ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Mtu alilala mwindaji akaamka mhalifu, yaani bila kuhama hata hatua moja.

Mwaka 1956 na 1957 David Sheldrick na wenzake waliendesha msako mkubwa. Askari wa doria waliingia porini siku nyingi, walitumia watoa habari, wakavamia vijiji, wakachukua pinde na pembe. Wanaume wakapelekwa jela mmoja baada ya mwingine. Kama operesheni, ilifaulu. Lakini jamii ndogo hivyo ukiwaondoa wawindaji wake wote, nani analisha watoto? Hata baadhi ya wazungu waliowakamata waliliona tatizo. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, kando ya hifadhi, ambapo Wawata wangewinda tembo kwa idadi iliyopangwa na serikali, na pato lipatikane kihalali. Hapo ndo utaona maajabu ya karatasi: wanaume walewale, tembo walewale, na sasa askari anawasalimia. Mpango haukudumu, na eneo likageuka kuwa ranchi ya mifugo.

Kwenu mlioko Kakuma na Dadaab: Kenya ilipiga marufuku uwindaji kabisa mwaka 1977, kwa mwenye pesa na asiye nazo.

Sasa turudi upande wetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Warundi walikuwepo, Wakongomani tukafuata, na Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Kambi nyingi zilijengwa karibu na mapori ya akiba: Burigi, Biharamulo, Moyowosi. Mgao ulikuwa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Nyama haikuwepo.

Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti iliyopewa jina la huo huo mchicha wa usiku. Walikadiria kwamba katikati ya miaka ya 1990 tani 7.5 za nyama ya pori zililiwa kila wiki katika kambi kubwa mbili. Wanyama kama nyati na palahala walipungua sana. Ila ripoti haikuishia kuwalaumu wakimbizi. Ilisema wazi kwamba mashirika yalifumbia macho chanzo, yaani chakula kisicho na nyama. Ndugu wa mashirika, naomba hapo msome mara mbili. Kwenye semina zenu tunafundishwa kupenda mazingira, jambo jema, lakini sijawahi kuona semina inayoanza na sahani.

Sisemi ujangili ni haki. Katika pori la Selous tembo walikuwa karibu 39,000 mwaka 2009, na walipohesabiwa 2013 walikuwa kama 13,000. Zile hazikuwa sufuria za mama zetu, yalikuwa magenge ya meno ya tembo. Serikali ikaanzisha Operesheni Tokomeza, Oktoba 2013. Kabla yake, Septemba, ilitangulia Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali Kagera, Kigoma na Geita. Miezi miwili mfululizo mtu wa mpakani aliulizwa kibali cha kuishi, kisha kibali cha nyama. Tokomeza ilisimamishwa baada ya malalamiko ya mateso na vifo, na taarifa ya kamati ya Bunge ya Desemba mwaka huo iliwaondoa mawaziri wanne.

Sheria ya leo mkae mkiijua. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, nyama ya pori bila kibali ni nyara ya serikali, hata ikiwa imekaushwa, hata ikiwa kipande. Siyo lazima ukutwe na bunduki. Kukutwa nayo ndani kunatosha, na kifungo kinaweza kufika miaka 20 na kuzidi. Askari akikukuta nje ya kambi anakuuliza pia ruhusa ya kutoka, kwa hiyo mkimbizi anaanza na makosa mawili pale ambapo mwanakijiji jirani ana moja.

Mwaka 2020 Tanzania ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori. Sasa nyama hiyohiyo inauzwa mchana, kwa risiti, na mnunuzi anatembea nayo barabarani. Risiti ndiyo kibali chake. Bucha la namna hiyo sijaliona kwenye soko la kambi, na hata likija, mgao wetu haununui kilo.