Soko la Kariakoo: nani mwenyewe?

Wadau, muulize mkazi yeyote wa Dar es Salaam Jiji limemjengea nini tangu Uhuru, kwanza atacheka. Mimi ninalo jibu moja, na siyo la utani: Soko la Kariakoo.

Jina mnalijua lilikotoka. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwaweka pale wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na midomo ya Kiswahili ikamaliza kazi. Soko likaanza miaka ya 1920. Kufikia mwisho wa miaka ya 60 mji ulikuwa umeshalizidi, na Halmashauri ya Jiji ikaamua kuvunja na kujenga upya.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia wazee wale. Kazi ya kuchora hawakumpa mzungu. Walimpa Beda Amuli, kijana wa Kitanzania aliyesomea usanifu kule Haifa, Israel, mmoja wa wasanifu wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki yote. Ujenzi ulianza 1971. Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975.

Ukifika, usiangalie nyanya tu, inua macho. Paa lile ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja umesimama kwenye nguzo yake. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika katikati ya mwavuli, yanateremka kupitia nguzo mpaka kwenye tangi lililo chini ya ardhi. Kuta hazikuzibwa, upepo unapita wenyewe. Jumla ikawekwa chini, rejareja juu. Huyu bwana alijua jasho la Dar, jamani! Linganisha na maghorofa ya vioo yanayoota siku hizi, umeme ukikatika watu wanaokwa kama mikate.

Sasa shida. Soko likiwa bado linajengwa, mwenye soko akafutwa! Mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza 1972 ulizifuta halmashauri, mpaka miji ilipozirudishiwa mwaka 1978. Soko likakabidhiwa shirika lake, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Halmashauri iliyorudi nayo haikutulia: mwaka 1996 ikavunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji, mwaka 2000 mji ukagawanywa Ilala, Temeke na Kinondoni, Jiji likabaki juu yao. Februari 2021 Jiji hilo nalo likavunjwa, na Ilala ikapewa hadhi hiyo.

Miezi mitano baadaye, usiku wa Julai 10, 2021, soko likaungua.

Sisemi kuvunja halmashauri ndiko kulikowasha moto. Ninachouliza ni kwamba jengo la umma linalobadilishiwa wakubwa kila mara, nani anakagua nyaya zake? Nani anakumbuka lile tangi la Amuli lipo na linahitaji kusafishwa?

Aliyekuja kulinyanyua ni Serikali Kuu, iliyotenga shilingi bilioni 28 na ushee kulikarabati soko lile na kujenga jingine la ghorofa kando yake. Miavuli imebaki. Amuli mwenyewe hakuuona ule moto, alifariki mwaka 2016. Mkipita Msimbazi siku ya mvua, simameni kidogo mtazame maji yanavyoshuka.