Nyumba mpya, ukuta mchafu: Mambo ya kujua kabla ya kuosha tofali na zege kwa mashine ya presha

Fundi kamaliza, mbao zimeondolewa, geti limefungwa. Unakuja kukagua nyumba yako mpya na kitu cha kwanza unachokiona ni matone ya saruji kwenye tofali, unga mweupe ukutani na madoa ya udongo mwekundu kwenye zege la uani.

Ushauri utakaopewa na wengi ni mmoja: leta mashine ya presha, ile ile ya kuoshea magari, piga maji, kazi imeisha.

Mashine hiyo inasaidia kweli. Tatizo ni kwamba ukuta mpya si bodi ya gari. Uso wa tofali ukishachubuka, au saruji ikishang'oka kati ya tofali na tofali, haurudi kwa kuosha tena. Kwa hiyo swali la kwanza si mashine gani utumie, bali kama ukuta uko tayari kuoshwa.

Presha yake ni kubwa kiasi gani?

Nguvu ya mashine hizi hupimwa kwa bar au psi. Bar 1 ni sawa na psi 14.5.

Mashine ndogo ya umeme ya nyumbani mara nyingi hufika bar 100 hadi 150. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban psi 32, yaani bar 2 na kidogo. Mashine ya bar 130 ina presha ya karibu mara 60 ya hiyo, tena imebanwa kutokea kwenye tundu dogo.

Hapo ndipo nozeli, ile pua ya mbele ya bunduki ya maji, inapokuwa na uamuzi mkubwa kuliko mashine yenyewe. Kwenye mashine nyingi nozeli hutambulika kwa rangi:

- Nyekundu (nyuzi 0): maji hutoka kama sindano. Usiitumie kabisa kwenye tofali, zege wala rangi.
- Njano (nyuzi 15): bado ni kali kwa ukuta mpya.
- Kijani (nyuzi 25): kwa zege lililokomaa.
- Nyeupe (nyuzi 40): maji hutawanyika kama feni. Anzia hapa.
- Nyeusi: ya kupaka sabuni kwa presha ndogo.

Subiri siku ngapi?

Zege halikauki tu kama nguo kwenye kamba. Saruji hukutana na maji na kuendelea kujenga nguvu siku hadi siku. Zege la kawaida likimwagiliwa vizuri huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu yake siku ya 7, na kipimo cha nguvu yake kamili huchukuliwa siku ya 28.

Ukilipiga presha kabla ya hapo, unachoondoa si uchafu. Ni ile ngozi laini ya juu. Ikitoka, mchanga na kokoto hubaki wazi, sakafu inakuwa na makwaruzo, na kuanzia hapo inanasa uchafu kirahisi zaidi.

Kwa sakafu ya nje, njia ya gari na ngazi za zege, subiri siku 28 au zaidi. Kwa ukuta wa tofali, saruji ya kujengea nayo iachwe igande kwanza. Wiki moja ndiyo kiwango cha chini kwa kusugua na kuosha kwa mkono. Kwa mashine, kadiri unavyosubiri ndivyo unavyojiweka salama.

Lakini usisubiri kwa kila kitu. Matone ya saruji ni rahisi kuyatoa yakiwa bado machanga, kwa kipande cha mbao na brashi ngumu. Fundi anayesafisha tofali kila jioni anakupunguzia kazi kubwa ya mwishoni.

Tofali lako limeiva?

Hili ni muhimu hasa kwa tofali za kuchoma, ambazo ni za kawaida Iringa, Njombe na Mbeya. Kwenye tanuri la kienyeji moto haufiki sawasawa. Tofali za karibu na moto huiva vizuri, za pembeni hubaki laini.

Tofali lililoiva lina uso mgumu uliotengenezwa na moto, na ndio unaolinda sehemu ya ndani. Presha ikiuchubua, tofali linaanza kunywa maji na kumomonyoka kila masika.

Kipimo chake ni rahisi. Gonga tofali mbili zilizobaki kutoka kwenye ujenzi. Zikilia kama chombo cha udongo, zimeiva. Zikitoa mlio mzito uliokufa, zina shaka. Kisha kwaruza uso kwa msumari. Ukiacha mfereji kirahisi, sahau mashine. Tumia maji ya mpira wa kawaida na brashi.

Ule unga mweupe si vumbi

Watu wengi huuona unga mweupe ukutani na kukimbilia maji. Kumbe maji ndiyo yaliyouleta.

Ndani ya tofali, mchanga na saruji kuna chumvi. Ukuta ukilowa, chumvi huyeyuka. Ukuta ukikauka, maji huvukia nje na chumvi hubaki juu. Ukiipiga maji ya presha, sehemu kubwa inarudi ndani, na baada ya siku chache za jua inatokeza tena.

Njia sahihi ni kusugua ukuta ukiwa mkavu kwa brashi ya nailoni, kisha kuzoa unga huo usianguke chini ya ukuta. Usitumie brashi ya waya wa chuma, kwani vipande vyake hubaki ukutani na kuota kutu.

Angalia pia maji unayotumia. Maeneo mengi ya mwambao, Dar es Salaam ikiwemo, yana visima vyenye maji ya chumvi. Ukiosha ukuta kwa maji hayo unauongezea tatizo lile lile unalotaka kuliondoa.

Hatua kwa hatua

1. Kwangua kwanza saruji iliyoshikana, kwa mbao na si kwa patasi ya chuma.
2. Funika swichi za nje, soketi, taa na matundu ya hewa. Funga madirisha.
3. Jaribu sehemu ndogo iliyojificha, nyuma ya nyumba. Iache ikauke kabisa ndipo uamue.
4. Lowesha ukuta kwa maji ya kawaida kuanzia chini kwenda juu, ili uchafu unaoshuka usinyonywe na tofali kavu.
5. Weka nozeli nyeupe, presha ya chini kabisa, na usimame angalau sentimita 30 kutoka ukutani. Bunduki isitulie sehemu moja.
6. Kwa suuza ya mwisho anza juu kushuka chini. Usielekeze maji moja kwa moja kwenye saruji ya kati ya tofali.

Ukiona mchanga unashuka na maji, simama. Huo ni ukuta wako unaoondoka.

Kwa pevingi za uani, maji ya presha huchota mchanga uliojazwa katikati. Ukimaliza na zikikauka, rudishia mchanga, la sivyo zitaanza kucheza.

Andaa pia maji ya kutosha. Mashine ndogo hula takriban lita 300 hadi 500 kwa saa, sawa na ndoo kubwa za lita 20 kati ya 15 na 25.

Vipi kuhusu asidi?

Mafundi wengine huja na asidi ya haidrokloriki kwa sababu inayeyusha saruji fasta. Hapo ndipo penye hatari: haichagui. Inakula tone la saruji, inakula pia jointi, zege, pevingi, mabati na fremu za alumini. Kwa nyumba za mawe ya matumbawe, kama za mwambao, isiguse kabisa.

Ikilazimika kutumika kwenye tofali za kuchoma, ipunguzwe sana kwa maji, ukuta uloweshwe kwanza na usuuzwe mara moja. Mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Na usiichanganye na dawa ya kung'arisha nguo, kwa sababu hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Usalama wako

Maji ya presha yanaweza kupenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama tundu dogo, lakini madhara ndani ni makubwa. Usisubiri kivimbe, wahi hospitali na ueleze kuwa umepigwa na maji ya presha.

- Vaa miwani ya kujikinga, glavu na gumbuti. Ndala hapana.
- Mashine ya petroli isiwashwe ndani ya nyumba wala gereji. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.
- Ya umeme iwe kwenye soketi yenye swichi inayokata umeme ukivuja. Maungio ya ekstensheni yasilale kwenye maji.
- Usioshe ukiwa juu ya ngazi. Bunduki inasukuma nyuma, unaweza kuanguka.
- Maji yenye saruji huunguza ngozi. Usiyaelekeze kwenye bustani wala kwa jirani.

Kabla fundi hajawasha mashine, muulize

Zege lina siku ngapi? Anatumia nozeli gani na presha kiasi gani? Maji anayatoa wapi? Amejaribu sehemu gani kwanza? Ana asidi kwenye vifaa vyake? Na kukiharibika, nani analipa?

Akikujibu "usijali bosi, hii tunapiga tu", mwambie asubiri. Doa la saruji linaweza kukaa ukutani wiki mbili zaidi bila kuidhuru nyumba.